Mzigo wa Tatu wa Mihogo

Miti ya mihogo ilichipua ikiwa imeegemezwa ukutani kwetu, haijaonja udongo. Mama aliivunja vipande vipande, akaisukuma chini ya sufuria ya maharage. Huo ulikuwa mzigo wa pili wa mbegu kuishia motoni.

Tulikuwa Simbo, kwenye chumba cha uani alichotupatia Mama Merina, mjane wa Kiha mwenye maneno mengi, na moyo mkubwa kuliko maneno yake. Vita vilitutoa kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa, tukavuka bila baba. Yeye, Marcel, alirudi nyuma kumchukua bibi, akaahidi kufuata na boti ya kesho yake.

Mama alilima kila kinachoiva upesi: mchicha, maharage, maboga. Mhogo hakuugusa, yeye aliyekulia ugali wa mhogo.

"Panda, mwanangu," Mama Merina alimsihi kila mvua zilipoanza, mzigo mwingine kichwani. "Huyu Clementina wako atakula nini mwakani?" alisema akinishika bega.

"Mhogo iko nakawia, mama. Marcel atakuja kutuchukua kabla haijakomaa."

Mimi nilimkasirikia mama kimoyomoyo. Nilidhani ni uvivu tu, nami nilikuwa na hamu ya ugali wa kwetu mpaka naota.

Siku moja alirudi kutoka Ujiji, alikozoea kwenda kuwauliza wenye maboti habari za baba. Hakunywa hata maji. Alichukua jembe, akabeba mzigo wa tatu aliotuletea Mama Merina, akashuka shambani na kuanza kuchomeka miti kwenye matuta. Furaha iliyonipata! Nilikimbia mbio hadi kwa Mama Merina, aliyekuwa akitwanga chikichi za mawese.

"Mama anapanda mihogo!"

Nilitegemea vigelegele. Mchi ulimtoka mkononi. Alikaza kanga kiunoni, mikono bado myekundu kwa mafuta, akaniacha nyuma. Alikwenda moja kwa moja shambani. Alipiga magoti kwenye tuta, akamkumbatia mama.

"Ihangane, mwanangu," alisema. "Ihangane. Pole."

Hapo ndipo mama alipolia. Nami, mti mmoja wa mhogo mkononi, nikaelewa kwamba baba hatakuja.

Asubuhi tulirudi kumalizia matuta yaliyobaki. Mama Merina alichimba, mama akapanda, mimi nikafukia kwa mikono, taratibu, nisije nikaumiza machipukizi.