Kwa Nini Pasta Njo Anatunawisha Mikono

Hapana, Kwizera, haiko azabu. Kila mugeni anauliza vile vile: pasta muzima, miaka makumi mbili na munane ku kazi, iko anazunguka na jagi ya maji ananawisha batu mikono, na bibi yake njo anaombea chakula? Ikala. Nikuelezee mbio mbio, maana dada yangu Generose iko bado anasonga bugali.

Zamani mu hii nyumba ya shemeji yangu, Pasta Ngendakumana, hakuna mukono uligusa bugali mbele yeye aombe. Na maombi yake, weye, ilikuwa safari. Anatokea hapa Nyakabere, anapita Katogota kwa bagonjwa, anafika Kamanyola kwa benye kuvuka mupaka, kiisha anarudi na mvua na mihogo. Minye ni Mukatolika, naombaka kifupi. Nilikuwa nafungua jicho moja, naangalia moshi ya sombe, yale majani ya mihogo, namna inaisha. Nimekula sombe ya baridi kwa huyu dada miaka mingi, nikazani njo namna yake ya kupika.

Sasa barua ikatoka Uvira, ku fakulte ya teolojia. Balikuwa banaita mapasta ba zamani, wiki mbili, baikale pale, basome, bapumzike. Mutihani hakuna, diplome hakuna. Hapa kijijini batu hawakuelewa. Muntu anarudishwa ku masomo na imvi? Bakasema lazima kuko kilasi aliruka. Mama mumoja alimuletea kalamu na gomu ya kufutia, na maneno ya kumutia moyo.

Yeye aliogopa kitu ingine: kanisa itabaki na nani? Akatuachia maagizo. Kila saa ya chakula atapiga telefone, aombe, tuitikie amina, njo tukule.

Kule mwalimu wao alikuwa Profesere Amandine, mwanamuke mudogo kuliko Espoir, mutoto wa kwanza wa shemeji. Siku ya kwanza akabaambia kila mumoja aandike kazi zote zenye zitasimama kanisani kama yeye hayuko. Benzake baliandika ukurasa moja. Shemeji aliandika ine, na juu kabisa: kuombea chakula. Profesere akasoma, akasema vizuri, sasa mutoe telefone zenu. Akazifungia mu kabati mpaka wiki mbili ziishe.

Nani angetuambia sisi? Ile muchana tukazunguka bugali, telefone ya Generose tumeiweka ku dirisha, pale rezo ya mutandao inafikaka. Tukangoja. Bugali ikaota ngozi. Batoto banaikazia telefone macho sawa vile yenyewe njo ilipika. Generose akaniomba niombe. Nikafanya alama ya musalaba, shemasi Sylvestre akakohoa, akasema mu nyumba ya pasta haifai. Njo dada yangu akafunga macho na hasira: "Mungu, asante. Amina."

Tukabaki tumeinama, tunangojea ile ingine. Hakukuwa ingine.

Kesho yake akaomba vile vile, mbele bugali iote ngozi. Nikaungua ulimi. Kumbe miaka yote ile, sombe ya dada yangu ilikuwa tamu.

Siku ya tisa shemeji akashindwa. Hakuwa mugonjwa, ile liste ya kazi njo ilikuwa inamuchoma. Akapanda pikipiki, akaja na kurasa zake ine mu mufuko, aone kanisa namna imeanguka. Akapita kanisani: imefagiwa. Akauliza juu ya mahubiri ya siku ya Mungu: Sylvestre alihubiri, na batu balifika kwao mbele ya saa sita. Maneno ya Norbert, mukristo wake mumoja, na jirani yake ya kugombania mbuzi: imeisha, mbuzi imerudi kwa mwenyewe. Kila kazi anaikuta imefanyika, anaipiga musitari. Kufika hapa mulangoni, ilibaki moja tu, ile ya juu.

Akatukuta amina iko bado mu midomo. Hakuna aliyejua aikale ao asimame, tukasimama bote. Shemeji akatoa kofia, akafunga macho, akavuta pumzi. Ile pumzi tuliijua. Ilikuwa ya kufika Kamanyola.

"Baba Espoir," dada yangu akasema, "nimeisha kuomba."

"Umeomba nini?"

"Asante."

"Na bagonjwa?"

"Bagonjwa nilibapelekea uji asubui."

Akaangalia karatasi yake. Minye nilikuwa karibu, nikaona anapiga ile ya juu musitari, na hamu ya kucheka ikaniisha. Akauliza pole pole: "Basi minye niko wa kazi gani hapa?"

Generose akaangalia mikono ya batoto. Kila siku yeye njo alikuwa anatunawisha, kiisha anakula wa mwisho, amesimama pale kwa moto. "Kuko mikono haijanawa," akasema. "Jagi ile pale."

Akaishika. Maji ya kwanza yote aliimwanga mu viatu vyangu, hakuzoea. Kesho yake akarudi Uvira. Profesere hakumugombeza, alimuuliza tu amerudi na nini. Akamuonyesha kurasa ine za mistari, na pale chini kazi moja mupya: kunawisha.

Unasikia Generose anasema nini? Eti tangu bwana yake aliacha kuomba murefu, minye kaka yake njo napozesha bugali. Haya, nimenyamaza. Leta mikono, Kwizera, vuta na viatu nyuma. Asante ya dada imeisha pita, usingojee ingine. Shemeji, weka jagi chini. Na weye Generose, toka kwa moto. Sogea, mugeni, umuachie nafasi. Njo vile. Sasa tumeikala bote.