Punje za Mpangaji

Ramani ya kijiji ilikuwa imetandazwa juu ya madawati yaliyounganishwa, na watu wazima wameizunguka kama watoto wanaosubiri sinia. Mpangaji wa ardhi, aliyetumwa na ofisi yake katika kijiji kile kile alichozaliwa, alieleza kazi kwa sauti ya kiofisi: kila kaya iweke punje za mahindi, moja kwa kila mtu, mahali ambapo watu wake watakuwa wakiishi baada ya miaka thelathini. Mto ulikuwa ukipungua, na bomba lingekuwa moja tu. Lingeelekezwa penye punje nyingi. Pasipokuwa na punje pangeachwa pawe msitu.

Mama yake alitangulia. Upande wa mlimani alimwaga kiganja kizima.

"Huyu mimi, huyu mwanangu, huyu mkewe, hawa wajukuu."

"Dada we!" jirani wa bondeni akadakia. "Hao wajukuu njia ya kuja wanaijua? Mwanao ni mpangaji kwelikweli: anawapangia watu vijiji, mwenyewe kapanga vyumba mjini!"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Cheka, jino lako lipigwe jua," mama akajibu bila hasira. "Mpangaji ana kwao. Siku akichoka kulipa kodi, atarudi. Sivyo, baba?"

Mpangaji alikwisha kununua kiwanja huko huko mjini. Msingi ulikuwa umeinuka, na mkewe amekwisha kuchagua rangi ya milango. Kila alipompigia mama simu, habari hiyo ilimfia mdomoni. Sasa aliitazama ramani. Jirani naye alikwisha kuweka zake bondeni. Rundo la mama lilizipita punje za jirani huyo, ambaye wanawe na wake zao waliishi naye bondeni, ndoo vichwani. Akinyamaza, bomba litapanda mlimani kunywesha nyasi.

"Mama," alisema, na ile sauti ya kiofisi ikamkimbia. "Hizi tuziondoe."

"Zipi?"

"Zangu. Najenga huko mjini. Sikukwambia."

Jirani akajitia kufunga upya kitambaa chake cha kichwani. Mama alizizoa punje moja moja, akabakisha moja, ile yake mwenyewe. Aliitazama, kisha akauliza kwa upole, kama aulizaye bei ya chumvi:

"Ulisema miaka mingapi?"

"Thelathini, mama."

Akaichukua na hiyo.

"Jamani, mwachieni yake," jirani akanong'ona. "Dada, mimi nilikuwa natania tu."

"Najua. Mwache achore, watu wana kazi zao."

Mpangaji akaiweka rula juu ya ramani. Upepo wa dirishani uliinua pembe ya ramani. Mama akaibana kwa kiganja, mwanawe asije akaupinda mstari wa bomba. Naye akauchora kuelekea bondeni, bila kuthubutu kuinua uso.