Desibeli za Oiva Pelttari

Barua ya kwanza ilifika ofisini kwetu mwezi wa pili, haina jina, kalamu imekandamizwa mpaka karatasi ikatoboka. "Pikipiki ya theluji ya Oiva Pelttari wa Sieppilampi inaua watu kwa kelele. Mimi bado sijafa ila niko njiani." Mkuu wangu aliisoma mara mbili, kisha akaniwekea mezani pamoja na funguo za gari. Katika halmashauri nzima mimi ndiye mwenye cheti cha kupima sauti, na mpaka siku hiyo nilikuwa nimekitumia kupimia feni za jikoni za shule tu.

Sieppilampi ni nyumba kumi na nne huko kaskazini, kuzunguka ziwa ambalo wakati huo lilikuwa limeganda. Oiva nilimkuta uani kwake anapasua kuni. Mzee wa miaka sabini na mmoja, mgane, mrefu kama mlango, aliyesambaza barua kijijini hapo miaka thelathini bila kuongeza neno juu ya yale yaliyokuwa ndani ya bahasha. Nilimweleza kilichonileta. Akaitazama mashine yake, akanitazama mimi.

"Ekzosi ilidondoka," alisema.

"Lini?"

"Tisini na nane."

"Na hukuirudisha?"

"Ilidondokea ziwani."

Kanuni ya kupima si ngumu. Mashine inapita kwenye theluji iliyoshindiliwa, maiki inasimama mita kumi na tano kutoka njiani, na sauti isizidi desibeli sabini na nane. Sharti ni moja: pembeni pawe kimya, la sivyo hujui umepima nini. Nilidhani kule, penye misonobari na barafu tu, kimya ningekipata bure. Kumbe habari ilishaenea. Kijiji kizima, watu thelathini na mmoja, kilishuka ziwani na viti vya kukunja, chupa za kahawa na ngozi za kulungu za kukalia.

"Jamani, naomba kimya," nilisema.

Wakanyamaza, lakini kipimo kikagoma kushuka. Nikakizungusha huku na huku mpaka nikampata Taimi, mwenye duka, ambaye alikuwa anafyonza kahawa kupitia donge la sukari aliloliuma kwa meno ya mbele.

"Mama, hiyo kahawa."

"Kahawa imefanya nini?"

"Inasikika."

"Miaka sitini nakunywa hivi, hata mume hajawahi kulalamika!"

"Mume wako ana sikio moja, Taimi," alisema Kauko, fundi mstaafu wa mabomba ya mgodini, na kila mtu akacheka, nami nikaanza upya. Mara hii zilikuwa suruali za Kauko mwenyewe, zile za nailoni, zinazokwaruzana mapajani.

"Baba, simama."

"Nimesimama."

"Basi acha kutetemeka."

"We mama, ni digrii ishirini na sita chini ya sifuri! Nikiacha kutetemeka utakuwa unapima maiti."

Tulitumia saa nzima kutafuta kimya. Mbwa wa Taimi alipelekwa ng'ambo ya ziwa. Mtu mwenye mafua alirudishwa nyumbani. Hatimaye wote wakatulia, wengine wameziba midomo kwa glovu, nami nikampungia Oiva mkono. Akapiga resi, theluji ikadondoka kutoka kwenye matawi ya ufukweni, akapita mbele yetu huku ameketi wima kama yuko kanisani.

Kipimo kilisoma mia na tatu.

Niliitamka nambari hiyo kwa sauti ya kiofisi, nikitegemea waone aibu. Wakasimama wakapiga makofi.

"Mia na tatu!" Kauko aliwapigia kelele wa nyuma. "Mama Desibeli, kuna mwingine aliyewahi kufika hapo? Wilaya nzima?"

"Hapana, lakini haya si mashindano."

"Basi ni rekodi," alisema Taimi, akaenda kumshika Oiva mkono.

Nilimwandikia Oiva amri ya kurekebisha mashine ndani ya wiki tatu. Alipokea karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kofiani.

Kauko ndiye aliyejitolea kutengeneza ekzosi mpya. Alichukua kopo la maziwa la lita arobaini, bomba la jiko la sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, nyavu chakavu za samaki, na mabuti mawili ya sufu ya marehemu baba yake. Namna alivyoviunganisha sijaielewa mpaka leo, na nimeomba mchoro mara mbili. Niliporudi kwa kipimo cha pili, ziwa tupu lilisoma desibeli thelathini na nane. Nikampungia Oiva mkono, nikatazama saa yangu, nikasubiri.

"Mwambie aje," nilimwambia Taimi.

"Ameshapita."

"Lini?"

"Sasa hivi, ulipokuwa unaangalia saa."

Nikamrudisha. Safari hii sikumwondolea macho. Alipita mbele yangu, mkanda unaoisukuma mashine unazunguka, theluji inaruka nyuma, na kipimo kikasoma thelathini na nane. Nilipiga simu ofisini. Mkuu wangu alisema mashine haiwezi kulingana na kutokuwepo kwa mashine, fomu haina nafasi ya jambo hilo. Nikaandika thelathini na tisa, nikapiga muhuri, nikarudi mjini nikijisifu.

Yaliyofuata nimeyapata kwa wenyewe waliofikwa nayo.

Siku ya pili Oiva alikwenda dukani. Nyuma ya duka la Taimi kuna meza ya kahawa, na kwa miaka yote hiyo waliokaa pale walikuwa wakisikia mashine yake tangu inatoka kwake, kilomita tatu kabla, wakapata muda wa kutosha kubadilisha mazungumzo. Safari hii Kauko alikuwa katikati ya sentensi.

"Oiva hana ubaya, ila ni kama kuzungumza na kabati..."

"Kabati linataka kilo moja ya unga," alisema Oiva mlangoni. Kauko alimwagikiwa na kahawa mpaka magotini.

Siku ya nne alipita nyuma ya sauna ya Lempi Juntikka, ambako wanawake wanne walikuwa wametoka nje kupoa, wameketi kwenye benchi wakifuka mvuke, kila mmoja na taulo lake, na mmoja bila. Oiva, mtu wa heshima, hakuona vizuri kupita bila kusalimu. Aliinua kofia akasema, "Habari za mchana." Kelele zilizopigwa hapo sikuzipima, lakini mtu aliyekuwa anavua samaki upande wa pili wa ziwa alifunga mizigo yake akaenda nyumbani.

Siku ya sita kulungu wa theluji alisimama katikati ya njia, amempa mgongo. Zamani wanyama walikimbia Oiva angali kwake anavaa viatu. Huyu hakusikia kitu. Oiva hakuwa na honi, na kupiga kelele hakukuwa tabia yake. Alikaa nyuma ya kulungu yule dakika arobaini, mashine inanguruma kimoyomoyo, mpaka mnyama alipogeuka kwa hiari yake, akamwona, akaanguka kwa mshtuko.

Watu wakaanza kutembea wakitazama nyuma. Taimi alifunga vioo vya kutazamia nyuma kwenye kiti chake chenye reli, kile cha kusukuma thelujini, kimoja kila upande. Nyumba nyingi ziliacha kusengenya, na mazungumzo ya jioni yakabaki kuwa hali ya hewa.

Barua ya pili ilikuwa na mwandiko uleule. "Pikipiki ya Oiva Pelttari inaua watu kwa kimya." Chini yake palikuwa na sahihi thelathini. Wahenga wamesema kimya kingi kina mshindo. Hawakutaja desibeli ngapi, na mkuu wangu alitaka nambari. Nikapewa tena funguo za gari.

Mkutano ulifanyika katika ukumbi wa kijiji, kahawa na mkate wa iliki mezani. Lempi alisimama wa kwanza. Ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, mwenye kuku saba na kauli isiyopindwa.

"Barua ya kwanza niliandika mimi," alisema. "Kila siku saa tatu redio inasoma hali ya hewa, na kila siku saa tatu Oiva anapita dirishani kwangu. Miaka ishirini na kitu sijui kesho kuna nini! Ya pili nayo nimeandika mimi. Sasa hali ya hewa naisikia, ila sijui kama Oiva amepita au amekufa. Nakaa dirishani nachungulia kama mwizi. Jana nimeunguza uji."

"Afunge kengele," alisema mmoja.

"Kengele ni ya ng'ombe," alisema Kauko. "Turudishe bomba wazi tu."

Niliwaeleza kwamba bomba wazi ni mia na tatu, na mia na tatu ni kosa.

"Sawa, kiwango cha juu tumekisikia," alisema Taimi. "Cha chini je?"

"Cha chini hakipo."

"Yaani serikali inamruhusu mtu asisikike kabisa?"

Nilifungua kanuni, nikazisoma zote, kurasa ishirini na mbili, watu wakisubiri na vikombe mkononi. Nikaona kwamba zinataja injini, ekzosi na mkanda. Dereva hazimtaji popote. Nililisema hilo kwa uaminifu tu, kama mtu anavyosoma kilichoandikwa, lakini wote wakageuka kumtazama Oiva.

"Aimbe!" alisema Kauko.

"Siimbi," alisema Oiva.

"Basi sema."

"Niseme nini?"

Hapo ukumbi ulikwama, kwa sababu hakuna aliyejua Oiva angeweza kusema nini. Lempi ndiye aliyejibu. "Sema unachokiona, Oiva. Mtu akiona kitu hakosi neno."

Asubuhi iliyofuata, nikiwa bado kitandani kwa Taimi, alikonilaza usiku ule, nilisikia sauti nzito ikija kutoka ziwani, ya mtu anayesoma orodha. "Mti. Mti. Mti mwingine. Nyayo za sungura. Mti." Watu walisimama milangoni na nguo za kulalia. Ilifanya kazi. Nilisimamisha maiki mita kumi na tano kutoka njiani: desibeli themanini na moja, tatu juu ya kiwango. Lakini Oiva hana mkanda wala ekzosi, kwa hiyo sikuandika kitu.

Shida ni kwamba miti inakwisha na nyumba zinaanza. Kufikia wiki ya pili Oiva alikuwa amezoea, na macho yake, baada ya miaka thelathini ya kusoma anwani tu, yalikuwa makali. "Kauko bado hajaamka. Kauko ameweka chupa tupu nyuma ya banda. Nne. Taimi amemnunia mumewe, anafagia theluji ambayo haipo." Sasa kijiji kizima kilifungua madirisha saa tatu kasoro. Kauko alinipigia simu akiuliza kama kuna kiwango cha maneno. Nikamwambia halmashauri haijaninunulia kifaa hicho.

Kisha ikaja Alhamisi moja mwezi wa tatu mwishoni. Lempi mwenyewe amenisimulia, kwa hiyo naamini. Oiva alikuwa anapita kwake na orodha yake. "Kuku saba. Theluji paani inataka kushushwa. Lempi yuko dirishani. Lempi amevaa sweta jekundu." Akapunguza mwendo. Kijiji kilingoja. Kisha, kwa desibeli zilezile themanini na moja, akasema, "Limempendeza."

Ng'ambo ya ziwa mtu alikohoa. Lempi alifungua dirisha.

"Oiva Pelttari, unadhani umesema hilo kimoyomoyo?"

"Nimesema ninachokiona."

"Basi ingia ndani useme ukiwa umekaa, baridi inanimalizia kuni!"

Oiva aliingia. Mashine aliiacha nje, na kwa kuwa haikuwa na sauti, hakuna aliyekumbuka kwamba haijazimwa. Ilinguruma bila kusikika muda wote wa kahawa ya kwanza, ya pili, supu ya samaki na mchezo mrefu wa karata, na Oiva alipotoka jua likiwa upande wa magharibi, tangi lilikuwa kavu. Lempi ana kuku, petroli hana.

Akarudi kwa miguu, kilomita tatu, kofia mkononi. Kauko alimwona akipita bila kusema neno, akakimbilia nje na soksi kumuuliza kama anaumwa.

"Hapana," alisema Oiva. "Leo sijaona kitu cha kuwaambia ninyi."