Ng'ombe wa Kalehe na Nyangumi wa Kusini

Majira ya baridi ya mwaka 2011, Olive alikuwa na haja moja tu: kuzungumza na bintiye kwa simu kupita dakika mbili. Asifiwe alikuwa amehamia Spånga, upande wa pili wa jiji, naye mama akabaki peke yake Hallunda, katika nyumba ambamo kijiko kikianguka jikoni kilisikika hadi chumba cha mwisho. Binti alisomea viumbe wa baharini chuoni. Kila alipopigiwa alijibu kwa Kiswidi kwamba yu mzima, amekula, ana haraka.

Basi mwalimu Felicia alipolitaka darasa la watu wazima lichague mambo ya kueleza mbele ya wenzao, Olive, ambaye alikuwa amejua kusoma kwa mwaka wa tatu tu, hakuchagua mapishi wala harusi. Alichagua nyangumi.

Alisoma kwa kidole, mstari baada ya mstari. Alisoma kwamba meli zilivua nyangumi katika bahari ya kusini kwa miaka mingi, nusura ziwamalize, na kwamba chakula cha nyangumi hao kilikuwa krili, viumbe jamii ya kamba, wadogo kuliko kidole cha mtu. Chini ya ukurasa paliulizwa: baada ya hapo krili waliongezeka au walipungua?

"Mama Asifiwe, hilo nalo ni swali?" akamcheka Léonidas, Mrundi mcheshi aliyeketi nyuma yake. "Mlaji akifa, sahani inabaki imejaa. Andika waliongezeka, twende tukanywe kahawa."

Darasa zima liliafiki. Olive hakuandika kitu. Nyumbani kwake mlaji alikuwa ameondoka, na sahani haikujaa. Sufuria kubwa ilikaa kabatini, na majirani waliozoea kupita kula ugali hawakupita tena.

Jioni akapiga simu. Binti akaanza na haraka zake, mama akamkatiza.

"Asifiwe, walipouawa nyangumi, krili walipungua. Sivyo?"

 Binti akauliza kwa Kiswidi ni nani aliyemwambia, maana hata wataalamu walitarajia waongezeke.

"Hakuna aliyeniambia. Kule kwetu Kalehe tulikuwa na ng'ombe. Wenye bunduki walipowaswaga wote, tulisema angalau hawataila migomba yetu tena. Mwaka wa pili mikungu ikatoka myembamba. Samadi haikuwapo."

Hapo Asifiwe alieleza kwa kirefu. Kinyesi cha nyangumi kina madini ya chuma, nayo hulisha mimea midogo ya baharini inayoliwa na krili. Ndivyo watafiti kadhaa wanavyoamini sasa. Na siku hizi meli zinawafuata krili wenyewe, ili wawe chakula cha samaki wa kufugwa na wakamuliwe mafuta, palepale wanapotafuta chakula nyangumi waliosalia. Olive alielewa nusu. Hakuuliza neno, akichelea kuyakata mazungumzo. Maelezo yalipokwisha, akangoja kuagwa.

"Mama," binti akasema, sasa kwa Kiswahili cha kutafutatafuta, "hukuniambia kama tulikuwa na ng'ombe."

"Niliogopa kulia mbele yako."

"Walikuwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Walikuwa na majina?"

Olive akaketi sakafuni, simu sikioni, akaanza kuwataja: Gaju, Bihogo, na ndama zao, kila mmoja na rangi yake, hata akafika wa kumi. Wa kumi na mmoja hakumkumbuka. Akamwomba bintiye asubiri kidogo, akafumba macho, na Asifiwe akasubiri.