Kifungu cha Kumi na Nne

1.

MWITO. Mara moja katika kila pambano, mwenye uwezo huu aweza kumwinua mwenzake aliyeanguka. Sharti: jina la aliyeanguka litamkwe kabla ya mzunguko kwisha.

(Kanuni hii aliitunga Tusekile, karani wa mahakama, miaka minne iliyopita. Siku hiyo alijiona bingwa wa sheria.)

2.

TANGAZO
Mlango wa maktaba, Tukuyu

Wachezaji wa mchezo wa masimulizi, tukutane Jumamosi saa nane mchana. Mwalimu Ambakisye anarudi baada ya kiharusi. Mnaombwa msimhurumie. Ombi ni lake mwenyewe, kwa maandishi, kwa mkono wa kushoto.

3.

Wewe msomaji, kama hujawahi kucheza: kila aliyekaa mezani ana mhusika wake. Tusekile anasimulia na kuamua. Dadu zinasema nani kapigwa, nani kapona. Yaliyobaki yote ni maneno.

Maneno.

Ambayo Mwalimu, baada ya miaka thelathini na moja ya kufundisha jiografia, sasa hayamtii.

4.

Mzunguko wa tatu. Tulinagwe, mhusika wa Sekela, kaanguka darajani. Majambazi wanne wamemzingira. Mzunguko ukiisha hajainuka, karatasi yake ya mchezo inachanwa: amekufa.

Mwenye Mwito mezani ni mmoja tu: baba yake Sekela. Wote wakamgeukia Mwalimu. Akafungua kinywa.

"T…"

5.

"Kanuni ni kanuni," alisema Lusajo, fundi pikipiki. "Imesema litamkwe."

"Litamkwe na nani?" Sekela akadakia. "Namsemea baba."

"Anasema mwenye uwezo, dada."

"Nionyeshe palipoandikwa."

Hapakuandikwa. Tusekile alilikodolea macho lile neno lake, litamkwe, uso ukamwiva. Kule mahakamani angemrudishia wakili hati kwa kosa dogo kuliko hilo.

6.

Njia alizoziona Tusekile:

— Sekela aseme. (Tangu kiharusi cha Machi, nyumbani ndiye anayemalizia kila sentensi ya baba yake.)

— Mhusika ahesabiwe ametamka, mchezaji anyamaze.

— Tufute kifungu, tunywe chai, tu…

Mwalimu aliipiga meza kofi. Chai ikamwagika. Akajigonga kifuani mara mbili kwa mkono ule mzima.

Mimi.

7.

UAMUZI
Kuhusu kifungu cha 14:
(a) Jina litatamkwa na mwenye uwezo, yaani Mwalimu.
(b) Kifungu hakikudai litamkwe kwa pumzi moja.

8.

"Tu."



"Tu. Tu. L…"

Sekela alijiuma mdomo asije akamsaidia.

"Li."

Kisha basi. Jasho lilimtiririka Mwalimu mpaka kwenye kola, na silabi ya tatu haikuja. Saa kumi na moja kasorobo. Mwenye maktaba alishaanza kufunga madirisha. Wote walikuwa wamekwisha kucheza isipokuwa Lusajo, dadu mkononi. Tusekile alimwogopa. Lusajo hajawahi kumpunguzia mtu bei, hata mkewe.

"Zamu yako, Lusajo."

"Najua."

"Ukirusha, mzunguko umekwisha."

"Najua, dada. Kuna kifungu kinachonilazimisha kurusha leo?"

Tusekile alipekua kurasa zote, akarudia tena toka mwanzo, ingawa alikuwa na jibu tangu ukurasa wa kwanza.

"Hakuna."

Lusajo akatia dadu mfukoni, akafunga zipu.

9.

KUMBUKUMBU. Waliohudhuria: wanne. Aliyeanguka: mmoja. Mzunguko wa tatu haujafungwa.

10.

Ujumbe wa Sekela, Jumatano:

Da Tuse, leo asubuhi baba alikuwa ananyoa ndevu. Nimesikia NA, nikiwa nje ya mlango. Sikuingia.

11.

Jumamosi. Lusajo kafika wa kwanza. Zipu ya mfuko wake ingali imefungwa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Nguvu zake anaziwekea jambo jingine. Anavuta kiti mpaka meza inamgusa tumbo. Anamtazama binti yake machoni.

"Tu," anasema. "Li."

Sekela amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Na."

Tusekile ameishika kalamu, haandiki.

"Gw…"