Jiwe la Kusagia Juu ya Pipa

Asubuhi ile Domisiana alipofika kwenye kibanda chake cha chakula pale senta, hakuwasha moto kwanza kama siku zote. Alizunguka nyuma kuangalia pipa. Pipa limesimama. Jiwe liko juu. Chini hakuna hata ganda moja la ndizi. Akacheka peke yake, akasema asante Yesu, ndipo akaenda kutafuta kiberiti.

Maana lile pipa lilikuwa limemtesa, wacha tu. Ni la makombo: maganda, maharage yaliyochacha, mifupa. Likijaa anabeba kichwani mpaka kwake huko Mbuba, anamwaga kwenye migomba. Lakini bwana afya alisema likae nje, nyuma ya kibanda, na nje kuna mbwa. Mbwa wakitoka, wanakuja mbuzi wa Sabiti mwenye duka. Mbuzi wakishiba, kunguru. Alifunga mfuniko wake wa bati kwa mpira wa baiskeli, mbwa wakautafuna. Akapaka pilipili, mbuzi wakailamba kama chumvi.

"Sabiti," alimwambia siku moja, "huyo beberu wako anakula kwangu kuliko mteja."

"Mshukuru Mungu, mama Keza. Mpishi hodari anajulikana mpaka na mbuzi."

Wakacheka. Lakini Jumatatu bwana afya alikuta maganda yametapakaa mpaka barabarani, akasema akikuta tena, kibanda kinafungwa. Na kibanda hicho ndicho kinamlisha Domisiana tangu mumewe afariki. Hana kingine.

Ndipo akaenda nyumbani akabeba urusyo. Urusyo ni lile jiwe kubwa la kusagia mtama, wazee wanalijua, limelika katikati kama kiganja. Mama yake alilisagia, yeye akalisagia, na binti yake Keza akiolewa baada ya Pasaka lilikuwa liende naye. Kwao ndivyo wanavyofanya, jiwe linamfuata binti. Jiwe kama hilo halitolewi nje ovyo, alijua. Lakini alitafuta kizito kingine akakosa, akasema ni mpaka Ijumaa tu, bwana afya apite kukagua. Kale kajiwe kadogo ka kushika mkononi wakati wa kusaga alikaacha pale pale jikoni.

Saa tatu trekta la taka likaja, na bwana afya mbele kwa pikipiki. Renatus jina lake. Huyo wakati anajitolea bila mshahara, mwaka mzima alikula kwa Domisiana bure, ndizi na maharage, na siku nyingine chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Renatus. Tazama mwenyewe, chini hakuna kitu."

Renatus akazunguka pipa. "Kweli ni safi. Lakini hapa naona kipande cha bati, na juu yake jiwe. Maelekezo yanasema pipa liwe na mfuniko wake, wa kiwandani."

"Wa kiwandani mbwa anafungua kwa pua!"

"Maelekezo hayajataja mbwa, mama."

Akawaashiria watu wa trekta walichukue, wanaume wawili wakashuka kwenye tela. Mmoja akashika pipa, mwingine akakumbatia jiwe.

"Jiwe niachieni! Hilo la kusagia! La mama yangu hilo!"

"Mama, tumeambiwa pipa na kila kitu chake."

"Renatus! Waambie!"

Renatus alikuwa anaandika kwenye simu. Hakuinua macho. "Kesho utaletewa pipa la ofisi," akasema. "Kibanda hakifungwi, mama. Nimekusaidia."

Jiwe likarushwa kwenye tela. Likalia mara moja tu, du, juu ya maganda.

Domisiana alimwachia Sabiti kibanda, akalifuata trekta kwa miguu, na kanga yake moja, kwenye jua. Alifika dampo saa saba. Mlangoni amekaa mlinzi, Shibuda, mtu mzima, kiti chake kina miguu mitatu.

"Baba, naomba niingie. Kuna jiwe langu limeletwa na taka."

"Hapa hapachukuliwi kitu, mama. Uchafu ukishaingia humu ni mali ya ofisi."

"Si uchafu."

"Umekuja na tela la uchafu."

Nyuma yake mbwa kumi, kumi na mbili, wanachimba. Mbuzi wamepanda juu kabisa ya lundo.

"Mbona hao wanaingia?"

"Hao hawana jina la kuandika kwenye daftari," Shibuda akasema, na yeye mwenyewe akaona aibu. Akasimama. "Mama, hata nikikuruhusu. Tingatinga limeshasukuma yote bondeni. Utachimbia wapi?"

Domisiana akatazama bonde. Akakaa chini kidogo, akafunga kanga vizuri, akarudi.

Keza alimkuta jioni jikoni nyumbani, kale kajiwe kadogo kako mapajani mwake. "Mama, kubwa liko wapi?" Keza akatazama pale chini palipokuwa pa jiwe, udongo umebonyea, akachuchumaa karibu na mama yake.

Kesho yake pipa la ofisi likaletwa, jipya, la kijani, jepesi. Kabla moto haujakolea chini ya sufuria ya ndizi, beberu wa Sabiti akaja, akainua mfuniko kwa pua.

Domisiana akaweka mwiko chini. Akamfukuza mbuzi, akafunga mfuniko, akapanda akakaa juu ya pipa, miguu inaning'inia.

Wateja wakaja. "Mama, chakula?"

"Bado."

Saa tatu pikipiki ikasimama. "Shikamoo mama. Mbona umekalia pipa la ofisi?"

"Jiwe mmechukua. Nimekaa mimi."

"Sasa nani anapika?"

Harufu ya ndizi zinazoungua ilikuwa inatoka kibandani, moshi unapita katikati yao. Sabiti dukani akaita, "Mama Keza, sufuria!" Renatus akatazama jikoni, akamtazama mama.

Domisiana hakushuka.