Swali la Saba

"Mimi nikielezwa neno mara moja, limeingia na mlango nimefunga!" Fundi Vifungo alitamba kwenye benchi la zahanati, kifua mbele kama jogoo anayedhani jua linamsubiri yeye.

Basi jogoo huyo alikuwa ameshafeli mara mbili.

Utafiti ulikuwa wa dawa ya presha. Kabla ya kutia sahihi, kila mtu alisomewa karatasi ya ridhaa, kisha akaulizwa maswali kumi kupima kama ameelewa. Ukikosa moja tu, unarudi Alhamisi kusomewa upya. Ukikosa mara ya tatu, kwaheri. Ukipata yote, unahamia kwa nesi, na msomaji humwoni tena.

Hapo ndipo sindano ilipokwama. Yule msichana msomaji alikuwa na sauti ya bintiye fundi: tuo lile lile kabla ya kugeuza ukurasa, "eeh, Baba?" ile ile. Binti alikuwa akimsomea gazeti kando ya cherehani, hadi alipoolewa mbali. Fundi alinuna, hata kumsindikiza hakumsindikiza. Siku hizi binti hupiga simu, lakini simu ni salamu tu; haina ukurasa wa kugeuza.

Alhamisi hii ya tatu fundi alisikiliza amefumba macho, vidole vikipapasa pindo la shati. Maswali sita aliyapita kama mkasi kwenye hariri.

"La saba, Baba. Mtu akishaingia kwenye utafiti, anaweza kujitoa?"

Fundi akapiga hesabu. Akijibu sawasawa, anampoteza leo. Akikosea, huenda akahurumiwa, asomewe mara moja zaidi.

"Hawezi," alisema. "Akishaingia, haondoki."

Msomaji akaweka kalamu chini. "Baba, hii ndiyo ya mwisho. Itabidi nikutoe."

"Umtoe nani?" Dada yake fundi, aliyekuwa akingoja zamu, alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Huyo? Usidanganyike, mwanangu! Asubuhi nzima katukaririsha pale benchi: la saba, mtu anajitoa wakati wowote, haulizwi sababu, wala hanuniwi!"

Fundi akatazama pindo la shati lake; alikuwa amelifumua lote.

"Hilo la kununiwa," msomaji alisema taratibu, "halimo kwenye karatasi, Baba."